Nani Alipima, na Lini? Historia ya Ramani za Bahari za Pwani ya Afrika Mashariki

Ramani ya bahari, ambayo mabaharia wa meli huiita chati, huonyesha mambo ambayo jicho haliwezi kuyaona juu ya maji: kina, miamba iliyozama, aina ya sakafu ya bahari, na mahali panapofaa kutia nanga. Ramani ya nchi kavu ikikosea, msafiri huchelewa kufika. Ya bahari ikikosea, chombo hupasuka. Kwa hiyo, tangu zamani, anayechagua ramani kwa safari ya pwani hupima ushahidi. Hutaka kujua nani aliyapima maji yale, lini, kwa kifaa gani, na kwa ajili ya chombo cha aina gani. Pwani ya Afrika Mashariki, kutoka Lamu hadi Kilwa na kuteremka hadi Sofala, inaonyesha vizuri jinsi ushahidi huo ulivyokusanywa, kwani mataifa mengi yameichora na kila moja liliichora kwa haja yake.

Njia za vitabuni na vichwani

Maelezo ya kale zaidi yanayojulikana ya safari za pwani hii hayakuwa na mchoro. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kilimtajia mfanyabiashara bandari moja baada ya nyingine na idadi ya siku za kusafiri kati yake, hadi kisiwa cha Menuthias na soko la Rhapta, ambako watu walitumia mashua zilizoshonwa kwa kamba. Msomaji wake alijua atarajie nini mbele, ila hakuambiwa mwamba uko wapi. Kwa hilo alihitaji mwenyeji.

Karne nyingi baadaye, mabaharia wa Uajemi na Uarabuni walikuwa na vitabu vya njia vilivyoitwa rahmani, jina linalotokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kitabu cha kuonyesha njia. Wanaisimu hulihusisha neno la Kiswahili ramani na asili hiyo hiyo. Hivyo neno ambalo leo mwanafunzi analitumia kwa ramani ya wilaya yake, na fundi kwa mchoro wa nyumba, lilianzia chomboni. Rahmani ilikuwa na majina ya bandari, pande za dira, vimo vya nyota, misimu ya pepo na dalili za kukaribia nchi kavu.

Mwandishi mashuhuri kuliko wote wa elimu hiyo ni Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, katika eneo la Ras al-Khaimah ya leo. Aliishi karne ya 15 na miongoni mwa tungo zake umo utenzi unaoeleza njia ya Sofala. Katika elimu yake, mahali pa bandari palijulikana kwa kimo cha nyota juu ya upeo wa bahari, kilichopimwa kwa vidole na kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamal. Kusini ya ikweta nyota ya kaskazini huzama isionekane, kwa hiyo nyota nyingine, zikiwemo za Dubu Mkubwa, zilishika nafasi yake. Vipimo hivyo vilimfikisha nahodha karibu na bandari aliyoikusudia. Hatua za mwisho, za kupita kati ya miamba hadi gatini, zilikuwa kazi ya rubani.

Rubani wa pwani aliongozwa na alama za nchi kavu. Mnazi ulipolingana na pembe ya msikiti, alijua yumo mlangoni. Kilima kilipojificha nyuma ya kisiwa, alijua amelipita fungu. Rangi ya maji ilimwambia palipo na mchanga na palipo na matumbawe, na bildi, yaani risasi iliyofungwa kwenye kamba, ilimthibitishia kina kwa pima. Elimu hiyo ilirithishwa kwa kusafiri pamoja, mwana akikaa omo ya jahazi na kumsikiliza baba.

Hata hivyo, si kweli kwamba wasafiri wa Bahari ya Hindi hawakujua ramani za karatasi kabla ya Wareno kuja. Shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama inaeleza kwamba mabaharia waliokutwa Msumbiji mwaka 1498 walikuwa na dira, vyombo vya kupimia nyota na ramani za bahari. Mwanahistoria Mreno João de Barros, aliyeandika katikati ya karne ya 16, anasema rubani aliyepatikana Malindi alimwonyesha da Gama ramani ya pwani nzima ya India iliyogawanywa kwa mistari iliyokatana. Kwa muda mrefu watu walidhani rubani huyo ni Ibn Majid mwenyewe. Watafiti wengi wa sasa wamelikataa wazo hilo, na vyanzo vya Kireno vinamtaja kuwa mtu wa Gujarat.

Ramani iliyofichwa

Muda mfupi kabla ya kufika Mombasa, Aprili 1498, São Rafael, merikebu ya msafara wa da Gama, ilipanda fungu karibu na Mtangata, kusini ya Tanga, ikakaa juu hadi maji yalipojaa. Wakati wa kurudi, Januari 1499, ilichomwa moto papo hapo kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha merikebu zote tatu. Wareno waliliita fungu hilo kwa jina la merikebu. Namna hiyo ndivyo alama nyingi za hatari zilivyoingia katika ramani za bahari popote duniani: chombo kilikwama, na jina lake likabaki.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 1502 pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa tayari katika ramani kubwa ya dunia iitwayo Cantino, iliyochorwa Lisbon na kupelekwa Italia kwa siri. Siri ilikuwapo kwa sababu mfalme wa Ureno aliihesabu ramani kuwa mali ya dola. Mwaka 1504 Mfalme Manuel alipiga marufuku kuonyesha katika ramani njia za kusini zaidi ya mto Kongo. Manahodha wa kifalme walipewa ramani wakati wa kuondoka na walitakiwa kuzirudisha. Baharia asiye Mreno hakuwa na cha kuchagua.

Ramani za Kireno zilitoshea safari zao. Zilionyesha umbo la pwani, ngome na milango ya bandari walizozitumia, kama Mombasa na Kilwa, na ziliandamana na vitabu vya maelezo ya njia. Maeneo ambayo merikebu kubwa hazikuyahitaji, kama vijito vya Pemba au matawi ya Rufiji, yalibaki mistari ya kukisia. Upungufu huu unazihusu ramani zote za bahari: mpimaji hupima pale anapotumwa, na palipobaki peupe si lazima pawe salama.

Karne ya 18 Wafaransa waliingia na haja nyingine. Mashamba ya Mauritius na Réunion yalitafuta watumwa, na mwaka 1776 mfanyabiashara Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Jean-Baptiste d'Après de Mannevillette alikuwa ameshachapisha mwaka 1745 kitabu chake cha ramani za Bahari ya Hindi, *Le Neptune oriental*, na toleo lililopanuliwa likatoka mwaka 1775. Kwa kuwa kiliuzwa wazi, nahodha wa biashara aliweza kukinunua na kukilinganisha na ramani nyingine, na kuchagua ramani kukawa kazi yake mwenyewe.

Owen na gharama ya kupima

Uingereza ilianzisha ofisi ya ramani za bahari ya Admiralti, idara ya jeshi lake la majini, mwaka 1795, chini ya Alexander Dalrymple, na ramani yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1800. Kufikia miaka ya 1820 ramani hizo ziliuzwa kwa meli za biashara, na katalogi ya kwanza, ya mwaka 1825, iliorodhesha ramani 736. Wakati katalogi hiyo inatoka, merikebu za kivita zilikuwa bado pwani ya Afrika Mashariki zikikusanya vipimo ambavyo ramani za Waingereza za eneo hili zingevitegemea kwa miaka mingi.

Kapteni William Fitzwilliam Owen aliondoka Uingereza mwaka 1822 na merikebu mbili, Leven na Barracouta, akarejea mwaka 1826. Alitumwa kupima pwani ndefu ya Afrika, zikiwemo pwani yote ya mashariki na sehemu za Madagaska. Merikebu zilitambaa kando ya pwani huku maofisa wakipima kwa sekstanti pembe za vilima, rasi na visiwa. Saa za kronomita ziliwapa longitudo, jua na nyota zikawapa latitudo. Mashua zilitangulia mbele, mabaharia wakitupa bildi na kuita kina, na karani akiandika. Chini ya risasi ya bildi palikuwa na shimo lililopakwa shahamu ili sakafu ya bahari ijibandike, na hivyo mchoraji akajua kama nanga itashika kwenye tope au itateleza juu ya matumbawe.

Gharama yake ilikuwa ya kutisha. Homa iliwavamia mabaharia katika Ghuba ya Delagoa, ambako Maputo ipo leo, na katika bandari nyingine, na zaidi ya nusu ya watu walioanza safari walikufa. Waliobaki waliirudishia Admiralti ramani mpya zipatazo 300. Kila tarakimu ndogo ya kina katika karatasi hizo iliandikwa kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakuiona ikichapwa.

Owen pia aliingilia siasa za pwani. Februari 1824 Wamazrui, watawala wa Mombasa waliokuwa wakitishwa na Seyyid Said wa Omani, walimwomba hifadhi ya Uingereza, naye akaitoa bila kungoja idhini ya serikali yake. Luteni John James Reitz aliachwa kuwa msimamizi, akafa kwa homa mwaka huo huo. Hifadhi hiyo iliondolewa mwaka 1826, lakini jina la Reitz limebaki katika hori la Port Reitz, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Mlango wa bandari ya Mombasa una miamba miwili yenye majina ya merikebu za zama hizo, Leven upande wa kaskazini na Andromache upande wa kusini.

Upimaji wa Owen ulikuwa bora kuliko wote uliotangulia, ila ulikuwa wa haraka. Bildi hutoa kina cha nukta moja iliyogongwa na risasi. Kati ya nukta hiyo na inayofuata, kichwa cha matumbawe kinaweza kusimama bila kuguswa. Methali isemayo maji usiyoyafika hujui wingi wake inafaa kuwekwa mbele ya kila ramani iliyotokana na bildi.

Stima, doria na ramani za kina

Nusu ya pili ya karne ya 19 iliongeza mahitaji. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 stima za kampuni ya British India zilianza kupeleka barua kati ya Aden na Zanzibar. Stima ya chuma huzama ndani zaidi ya maji kuliko jahazi, haiwezi kuketi juu ya mchanga ikingoja maji kujaa, na hufuata ratiba usiku na mchana. Nahodha wake alihitaji ramani ya skeli kubwa iliyojaa vipimo vya kina.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Kuanzia mwaka uliofuata, manowari ya Kiingereza London ilitia nanga Zanzibar na mashua zake zikawa zinawinda vyombo vya watumwa, hasa karibu na Pemba. Manahodha wa majahazi walivijua vijito vya kisiwa hicho kwa moyo, na ramani za wawindaji hazikuwa na habari kama hizo. Haja ya kuwafuata ndani ya mikoko ni mojawapo ya sababu zilizofanya maji ya Unguja na Pemba yapimwe kwa uangalifu zaidi.

Mpimaji mkuu wa miaka hiyo ya 1870 alikuwa William Wharton, aliyeongoza manowari Shearwater na baadaye Fawn. Aliyapima maji ya Zanzibar na sehemu za pwani ya bara, kisha mwaka 1882 akachapisha kitabu cha kufundishia upimaji wa bahari kilichotumiwa na vizazi vya maofisa. Kuanzia 1884 hadi 1904 aliiongoza ofisi nzima ya ramani za Admiralti. Pamoja na ramani palikuwa na kitabu cha maelezo ya njia, *Africa Pilot*, ambacho juzuu yake ya tatu inahusu pwani za kusini na mashariki za bara. Karatasi ilimwonyesha nahodha mwamba ulipo. Kitabu kilimweleza jinsi ya kuutambua kwa mbali, mkondo unavyovuta wakati wa kusi, na mahali pa kupata maji ya kunywa. Baharia makini alinunua vyote viwili.

Taa nazo zilianza kuingia katika ramani. Mnara wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904 kusini ya mji wa Zanzibar, uliwawezesha manahodha kuukaribia mlango wa bandari gizani. Kila taa mpya ilifanya ramani ya zamani kuwa pungufu, na kila taa iliyozimika ilifanya ramani mpya kuwa ya hatari hadi isahihishwe.

Delta ya Rufiji, 1914

Tukio lililoonyesha kwa uwazi mkubwa thamani ya kuchagua ramani lilitokea Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza. Tanganyika ilikuwa chini ya Ujerumani, na Wajerumani walikuwa wamefanya upimaji wao wenyewe wa pwani. Meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imepima delta ya Rufiji miaka michache kabla ya vita. Ramani za Waingereza za eneo hilo zilikuwa za zamani, na kwa kuzitegemea hizo, matawi ya delta yalionekana hayapitiki kwa meli kubwa ya kivita.

Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar, kisha ikatoweka. Wajerumani, wakitumia vipimo vyao vipya, waliiingiza ndani ya Rufiji kwa maji ya kujaa na kuificha nyuma ya mikoko. Waingereza waliitafuta pwani nzima. Oktoba 1914, maofisa wa manowari Chatham waliipekua meli ya Kijerumani Präsident huko Lindi na kukuta nyaraka zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Salale, ndani ya delta. Mwisho wa mwezi huo Königsberg ilionekana. Haikuzamishwa hadi tarehe 11 Julai 1915, baada ya Severn na Mersey, meli mbili bapa zenye mizinga mikubwa, kuletwa kutoka Ulaya kwa kuwa ziliweza kuelea katika maji machache ya mto.

Manahodha wa majahazi waliijua Rufiji kabla ya ramani zote mbili. Walikuwa wakiingia humo miaka nenda miaka rudi kupakia boriti za mikoko kwa ajili ya nyumba za Uarabuni na Ghuba. Mwandishi na baharia Alan Villiers alisafiri mwaka 1938 hadi 1939 katika chombo cha Kuwait kilichokwenda Zanzibar na Rufiji kwa biashara hiyo, na alieleza jinsi nahodha wake alivyoifuata pwani kwa jicho na kumbukumbu. Maji yale yale yalikuwa na ushahidi wa aina tatu: karatasi ya Kiingereza iliyochakaa, karatasi ya Kijerumani iliyokuwa mpya, na kumbukumbu ya wenye boriti. Waliopotea ni wale walioamini ule uliochakaa.

Namna ya kuisoma karatasi kabla ya kuinunua

Kutokana na historia hiyo, mabaharia walijijengea desturi ya kuikagua ramani kwa mpangilio kabla ya kuitegemea. Jambo la kwanza ni skeli. Ramani ya safari ndefu, yenye skeli kama 1:1,000,000, hufaa kupanga njia na kujua umbali. Ya pwani, yenye skeli kama 1:300,000 au kubwa zaidi, hutumika kusafiri kutoka bandari hadi bandari. Ya bandari, yenye skeli kama 1:25,000, hutumika kuingia na kutia nanga. Mstari wa penseli wenye unene wa nusu milimita hufunika meta 150 za bahari katika ramani ya 1:300,000, na meta 12.5 tu katika ile ya 1:25,000. Mlango kati ya miamba miwili unaweza kuzama wote chini ya penseli ya kwanza. Ndiyo maana kanuni ya zamani humtaka baharia atumie ramani ya skeli kubwa kuliko zote zilizopo kwa eneo alilomo.

Jambo la pili ni kipimo cha kina. Ramani za zamani za Admiralti zilitumia pima na futi, na pima moja ni futi 6, karibu meta 1.83. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ramani za Admiralti zilianza kubadilishwa kuwa za meta. Tarakimu 3 katika karatasi ya pima ni meta 5.5 za maji. Katika karatasi ya meta ni meta 3 tu. Karatasi mbili za zama tofauti zikichanganywa mezani bila kuangaliwa kichwa chake, kosa hilo linatosha kukipandisha chombo mwambani. Rangi husaidia kuzitofautisha: ramani za meta zina nchi kavu ya manjano, maji machache ya buluu, na kijani kwa sehemu zinazokauka maji yakitoka, kama miamba ya matumbawe na tope la mikoko.

Jambo la tatu ni usawa ambao kina kimepimwa kuanzia hapo. Kina cha ramani huhesabiwa kutoka maji yanapotoka sana, ili baharia akute maji mengi zaidi ya yaliyoandikwa, si machache. Pwani hii ina maji ya kujaa na kupwa makubwa: Zanzibar wakati wa bamvua, tofauti hukaribia meta 4, na wakati wa maji mafu hupungua sana. Ramani bila jedwali la maji ni nusu ya habari.

Jambo la nne ni umri wa upimaji, ambao si sawa na umri wa karatasi. Ramani iliyochapishwa upya juzi inaweza kubeba vipimo vya bildi vya karne ya 19. Ramani nyingi zina mchoro mdogo pembeni unaoonyesha sehemu gani ilipimwa mwaka gani na kwa namna gani. Mahali tarakimu za kina ziliposongamana kwa mpangilio sawa, pamepimwa kwa uangalifu. Zilipotawanyika kwa mstari mmoja mmoja, chombo kilipita njiani tu. Weupe mtupu humwambia baharia akae mbali.

Jambo la tano ni masahihisho. Admiralti ilianza kutoa matangazo kwa mabaharia mwaka 1834, na siku hizi hutoka kila wiki. Mwenye ramani huyaandika kwa kalamu ya wino wa zambarau mahali panapohusika, kisha huandika namba ya tangazo kwenye kona ya chini kushoto, hivi kwamba mnunuzi wa karatasi iliyotumika huweza kujua ilisahihishwa hadi lini. Pwani hubadilika: bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, ilichimbiwa njia ya meli ambayo haimo katika karatasi za kabla yake. Hata kaskazini ya dira huhama, na duara la dira lililochapwa ramanini huonyesha mwaka wa kipimo na badiliko la kila mwaka ili baharia ajihesabie.

Jambo la sita ni majina. Katika karatasi za zamani, Kilwa huandikwa Quiloa, Mafia huwa Monfia, na Dar es Salaam huandikwa Daressalam katika zile za Kijerumani. Anayelinganisha ramani za zama mbili hutafuta umbo la pwani na latitudo kabla ya kutafuta jina.

Karatasi katika zama za setilaiti

Mfumo wa GPS ulikamilika mwaka 1995 na kuleta tatizo ambalo Owen hakuwahi kulifikiria. Zamani chombo na mwamba vilipimwa kwa njia ile ile, kwa pembe kutoka alama za nchi kavu, kwa hiyo hata kama pwani nzima ilichorwa mahali pasipo pake, nahodha na hatari walihama pamoja. Setilaiti humpa nahodha nafasi yake kwa mfumo wa dunia nzima uitwao WGS 84, wakati karatasi inaweza kuwa imejengwa juu ya mfumo wa zamani wa eneo, kama Arc 1960 uliotumika Kenya na Tanzania. Nukta ikihamishwa kutoka kwenye kifaa hadi kwenye karatasi bila marekebisho, inaweza kukosea kwa mamia ya meta. Karatasi za kisasa zina maelezo kuhusu mfumo zinaoutumia, na zile za zamani kabisa hazina mfumo unaojulikana. Kwa hizo, alama mbili za nchi kavu zilizolinganishwa kwa macho, kama alivyofanya rubani wa jahazi, hubaki kuwa ushahidi bora kuliko setilaiti.

Kati ya 2012 na 2018 mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini uliwalazimisha wenye meli kubwa, kwa awamu, kuwa na mfumo wa ramani za kielektroniki, na karatasi ikapoteza wanunuzi wake wakubwa. Mwaka 2022 ofisi ya Uingereza ya ramani za bahari, yenye makao yake Taunton, ilitangaza nia ya kuacha kuchapisha karatasi ifikapo 2026, kisha ikasogeza mbele muda huo hadi angalau 2030 baada ya watumiaji kueleza kwamba hawajawa tayari. Marekani ilikamilisha kuondoa karatasi zake za jadi mwanzoni mwa 2025. Wenye vyombo vidogo vya pwani bado hutafuta karatasi kwa sababu haihitaji umeme, huonyesha eneo kubwa kwa mtazamo mmoja, na haizimiki mawimbi yakiingia ndani.

Hata hivyo, kioo hakijabadilisha asili ya ushahidi. Ramani ya kielektroniki ya sehemu ambayo haijapimwa upya tangu siku za bildi imejazwa tarakimu zile zile za bildi, zilizonakiliwa kutoka karatasini, na mtumiaji anaweza kuikuza hadi ionekane ina uhakika ambao wapimaji wake hawakuwa nao. Ndiyo sababu ramani hizo hubeba alama za daraja la ubora, kuanzia maeneo yaliyopimwa kikamilifu kwa vyombo vya mawimbi ya sauti hadi yale ambayo ubora wake haujakadiriwa. Anayesafiri kando ya Pemba, Mafia au Kilwa kwa karatasi au kwa kioo bado anatakiwa kulisoma daraja hilo na mwaka wa upimaji kwanza, kabla ya kuisoma tarakimu ya kina.